Ndugu wa Mwajiri

Katika miaka ya sabini kazi yangu Stockholm ilikuwa kuwaambia waajiri wadogo mambo wasiyotaka kuyasikia. Nilikwenda huko kwa mafunzo ya utumishi, nikabaki, na ofisi moja ya ushauri ikanichukua nikae kwenye simu. Serikali ilikuwa imeleta sheria mpya ya kulinda ajira. Mwajiri hakuweza tena kumwonyesha mtu mlango kwa sababu ameamka vibaya. Ilimpasa awe na sababu ya haki, atoe notisi ya maandishi, na angoje muda wa notisi uishe. Wenye viwanda vya mikate, vinyozi, wauza viatu, wote walinipigia wakiwa wakali kana kwamba sheria nimeitunga mimi jikoni kwangu. Baadhi yao wakisikia lafudhi yangu waliomba wapewe Mswidi. Niliwapa, naye akawaambia yale yale, na mimi nilikaa pale nikifurahi peke yangu.

Mmoja wa waajiri hao alikuwa mtu wetu. Tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa damu wa yeyote kati yetu. Alikuwa Mtanzania aliyetutangulia kufika, akafungua kampuni ya kusafisha maofisi, na kila mgeni kutoka kwetu aliyeshuka kwenye treni alimkuta Mjomba amesimama jukwaani na koti la baridi mkononi. Hakuuliza kipimo. Langu lilikuwa la sufu, la kijivu, zito, na majira yangu ya kwanza ya baridi nililala nalo. Nilimpenda Mjomba, nisije nikajifanya leo kwamba nilimjua tangu mwanzo.

Katika waliokuja kwa mkono wake alikuwamo dada mmoja wa Tanga, rafiki yangu, aliyekuwa akifanya kazi ya kuunganisha simu posta ya huko. Mumewe alikuwa kwenye meli za mizigo, akipita bandari za Uswidi mara moja moja. Mjomba alimwombea dada kibali cha kazi katika kampuni yake, akampa na chumba nyumbani kwake Hallunda, pembezoni mwa jiji. Nilimwambia sipendi kazi, kibali na kitanda vyote vitoke mkono mmoja. Alicheka, akasema nimekaa mno na Waswidi.

Basi siku moja ya Novemba Mjomba alikuja ofisini kwetu yeye mwenyewe. Hakupiga simu kwanza. Aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akaisifu meza yangu, akauliza habari za mama yangu. Kisha akasema ana rafiki yake, mwajiri kama yeye, ambaye hizi sheria mpya zinamchanganya. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wote. Alisikiliza kwa adabu, vidole vimefumana juu ya tumbo.

"Na mtu akiwa ni ndugu yake?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sheria ile haiwagusi watu wa familia ya mwajiri, kwa mfano mkewe na watoto wake. Akauliza kama ni wale wanaoishi nyumbani kwake. Nikasema mara nyingi ndivyo, lakini si kila anayelala chini ya paa lako ni familia yako, na mambo yakifika mahakamani yatapimwa. Nadhani hayo ya mwisho hakuyasikia. Alikuwa amekwisha kusimama anafunga vifungo, uso wake umetulia vizuri sana.

Jioni nilimpigia dada wa Tanga. Aliongea chini chini, kwa kuwa Mjomba alikuwa sebuleni. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imeanza kuonekana. Mjomba alikuwa amemwambia kwa upole apumzike, asipande tena ngazi za watu na ndoo. Nikamuuliza apumzike mpaka lini. Hakujua. Nikamuuliza kama anataka kupumzika. Akasema anataka kufanya kazi, maana kibali chake kilikuwa karibu kwisha na bila kazi hana cha kuwaonyesha wanaotoa vibali. Watamrudisha, na aliyemtegemea Tanga ni mama yake mgonjwa.

Nilimwambia kwamba nchi ile inakataza kumfukuza mwanamke kwa sababu ya mimba, na kwamba chama cha wafanyakazi kipo kwa ajili ya mambo hayo hayo. Akasema Mjomba si mtu wa kushtakiwa. Nyuma yake nilimsikia Mjomba akiuliza, kwa sauti ya baba yeyote, anaongea na nani. Simu ikakatwa.

Baada ya hapo ukaja mwaliko. Jumapili, kikao nyumbani kwa Mjomba, tuyamalize wenyewe kama watu wa familia moja. Kila aliyealikwa alifurahi, na mimi nilikosa usingizi. Kwetu kikao kama hicho kina utaratibu wake: watu wanasema, mkubwa anahitimisha, kisha chakula kinaletwa. Chakula kikishaliwa, shauri limekwisha. Anayelifufua baadaye ndiye mkorofi.

Nilifika Hallunda mchana, theluji inaanguka juu ya maghorofa yale mapya yanayofanana. Ukumbi mdogo wa kuingilia ulikuwa umejaa makoti yametundikwa moja juu ya jingine hata mlango haukufunguka vizuri. Niliyatambua. Karibu yote aliyanunua Mjomba.

Sebuleni walikuwapo wafanyakazi wake, majirani, na mzee mmoja Mganda aliyekimbia kwao, mtu mpole ambaye Mjomba alimtafutia nyumba. Dada wa Tanga alikaa kwenye kiti katikati, mikono mapajani. Harufu ya pilau ilitoka jikoni. Mjomba alizungumza kwa muda mrefu, na kwa muda wote huo nilingoja aseme neno kazi. Hakulisema. Alisema ugeni, alisema malezi, alisema mtoto wa kike akiwa na hali hii mahali pake ni nyumbani. Kisha akaanza kumgeukia mmoja baada ya mwingine.

"Huyu kwangu ni nani?"

"Ni mwanao, Mjomba."

"Anaishi wapi?"

"Hapa kwako."

Walijibu kwa furaha, wakidhani wanamtetea dada. Mganda alipofikiwa alisema amemwona Mjomba akimtunza binti huyu kuliko watu wanavyotunza wa kuwazaa, na machozi yalimlengalenga. Mimi nilikuwa nimeelewa, na nilitamani nisingeelewa. Mjomba alikuwa akikusanya mashahidi. Kila mdomo pale ndani ulikuwa ukimtoa rafiki yangu nje ya sheria, kidogo kidogo, kwa mapenzi kabisa, na atakayefungwa na maneno hayo kuliko wote ni dada mwenyewe, akiyakubali mbele ya watu.

Zamu yangu ilipofika, Mjomba alitabasamu. "Na wewe, mtaalamu wetu? Huyu kwangu ni nani?"

"Ninavyojua mimi, Mjomba, ni mfanyakazi wako."

Kisha Mjomba akacheka, akasema ofisi imeniingia kichwani, maskini, na wote wakacheka kwa shukrani, maana alikuwa amewaokoa na aibu yangu. Hakunikasirikia hata kidogo. Ningependa angenikasirikia. Alinitazama tu kama unavyotazama taa unayokusudia kuizima ukienda kulala, na akapaza sauti kumwita mkewe alete chakula.

Sinia zikaja. Mke wake alimpakulia dada wa Tanga mwenyewe, mlima wa pilau na kipande kikubwa cha nyama juu, akamwekea sahani mikononi kabla ya wageni wote. Sote tukawa tunamngoja aanze.

"Haya, mwanangu," Mjomba alisema. "Umesikia ndugu zako. Mimi ni nani wako?"

Nilimtazama. Nilijua akisema neno moja, au hata akila tu, yamekwisha, na hakuna chama wala ofisi nitakayompeleka ambako hawa wote hawatakuja kusema walivyosikia. Alikuwa akiiangalia ile sahani. Aliposema, alisema kwa sauti yake ya zamani ya posta, wazi, bila haraka, sauti ya kumuuliza mtu wa mbali anataka kuungwa na nani.

"Mjomba, kesho niripoti kazini saa ngapi?"

Mmoja wa wafanyakazi aliteremsha kijiko chake taratibu. Nilimwona Mganda akimgeukia Mjomba, akingoja kama sisi sote, kwa sababu swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa saa tu, ila akiitaja saa hiyo amemkiri kuwa mfanyakazi wake mbele ya mashahidi wake mwenyewe.

Mjomba aliendelea kutabasamu.

"Kula kwanza, mwanangu."

Dada alingoja tena kidogo, akampa Mjomba nafasi. Kisha akainuka, akaiweka sahani juu ya kiti alichokuwa amekalia, akamshukuru mke wa Mjomba kwa chakula, akaingia chumbani kwake. Alitoka na begi dogo. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemuaga. Mjomba alikuwa ameanza kuwapakulia wengine, na nilisikia sauti yake nyuma yetu akiwaambia waanze kula, pilau inapoa.

Ukumbini tulipekua makoti mpaka tukapata yetu. Kwenye ngazi aliniambia kesho asubuhi nimpeleke chama cha wafanyakazi, na kama nina godoro la ziada nyumbani kwangu Rågsved, atalala huko. Nikasema ninalo.

Stesheni haikuwa mbali, lakini theluji ilikuwa imezidi na upepo unakata. Tulitembea tumeinamisha vichwa, tumejifunga hadi shingoni makoti aliyotununulia Mjomba.