Cherehani Iliyozama Kibirizi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana moja ya kutengeneza vyerehani Ujiji, Fundi Mkuu hakunipa kifaa chochote. Alinikalisha mbele ya cherehani ya Kijapani, nyeusi yenye maua ya dhahabu, akasema, "Binti, zungusha gurudumu tu. Usikilize." Nikazungusha. Lo! Chuma kizito vile, lakini kilikwenda laini kama samli! Nikajua sitoki hapo.

Alinifundisha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na meno yanayosukuma kitambaa chini ya sindano. "Mjapani hakuweka plastiki humu," alipenda kusema. "Kila kitu kinafunguka, kwa hiyo kila kitu kinatengenezeka."

Miaka ile wakimbizi walipovuka ziwa kuja kwetu, nikahamishiwa karakana ya ushonaji kambini mwao. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa haraka, mpenda mashine mpya. Asubuhi moja akaja Mama Furaha, mshonaji kutoka Kongo, amebeba kichwa cha cherehani ya Kijapani, mashine yenyewe bila meza yake, ndani ya kitenge. Alipokuwa akishuka botini kwenye bandari ya Kibirizi, kilimponyoka kikazama ziwani. Wavuvi walikizamia wakakitoa, lakini sasa kutu ilikuwa imekikamata, gurudumu halisogei.

"Hicho ni chuma chakavu," Msimamizi akasema. "Katupe."

Mama Furaha akakikumbatia. "Hapana, baba. Bwana sina tena, nyumba sina. Hii mashini ndiyo italisha watoto."

Nikamwomba Msimamizi aniachie nijaribu. "Haya," akasema, "lakini kazi zangu kwanza."

Nikakilaza kichwa kwenye beseni la mafuta ya taa. Kila nilipomaliza kazi zake, mimi na Mama Furaha tulifungua skrubu moja moja, tukasugua kwa mswaki. Chini ya ile kutu, vyuma vya ndani bado viling'aa! Tukapaka mafuta ya cherehani, tukakiweka kwenye meza ya karakana yenye kanyagio, tukafunga mkanda, Mama Furaha akakanyaga.

Tak-tak-tak-tak! Mshono ukatoka umenyooka. Mama Furaha akapiga vigelegele, wanawake wakaja mbio, Msimamizi nyuma yao. Aliuvuta ule mshono kwa nguvu, haukukatika. "Mpeni meza," akasema, "pale dirishani, penye mwanga." Hapo ndipo Mama Furaha aliposhonea sare za watoto wa shule, mpaka aliporudi kwao na cherehani yake.

Sasa nimestaafu, na tundu la sindano silioni vizuri. Lakini juzi jirani yangu hapa Kasingirima, Ujiji, alinunua cherehani kuukuu ya Kijapani, ya kijani, akaniita niitazame tu. Binti yangu alinikuta nimeketi sakafuni, kanga imejaa grisi, nimeshaifungua yote.

"Mama, si ulistaafu kazi?"

"Kazi nilistaafu," nikamwambia. "Njoo uone ilivyo ndani!"