Kwale wa Kichaka Chetu

Mtu akikwambia ametoka Nairobi mpaka Mbeere, kwenye jua lile, ili achore kwale tu, utamwamini? Mimi machale yalinicheza. Ilikuwa miaka ya kupimiwa mashamba, na kila mgeni mwenye karatasi tulimwona mwizi.

Nilikuwa mwalimu, basi baba akaniita nitafsiri. Kazi ya mgeni ilikuwa kuchora picha za vitabu vya ndege. Akafungua kisanduku, akatoa kwale mkavu, miguu kijivu, kajazwa pamba tumboni. Akaeleza kwamba wachoraji wa zamani walimpiga ndege risasi kwanza, ndipo wakamchora. Huyu aliuawa huku kwetu enzi za mkoloni, na aina yake haijaonekana tena. Alitaka kumchora aliye hai, watu wajue bado yupo, alindwe.

Hilo neno “alindwe” ndilo lililoharibu mambo. Baba akaniambia kwa Kimbeere, huku akimchekea mgeni, “Zamani wakitaka kuchora waliua ndege. Siku hizi wakichora wanafukuza watu. Mwambie kwale huyo hatumjui.”

Uongo mtupu! Kwale walijaa kwenye kichaka cha mtoni, baba alikotundika mizinga yake ya nyuki na mama alikookota kuni. Nikatafsiri vivyo hivyo. Hata sijamaliza, kwale akalia huko huko, kwa nguvu.

Mgeni akashtuka. “Mwalimu, ni nini hicho?”

“Kuku,” nikasema. “Kuku wetu.”

Alivyonitazama, wee! Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hakubisha. Akafunga kisanduku, akashukuru kwa uji, akaenda zake.

Baba hakutulia. Alishikilia kwamba yule atarudi na askari. Kesho yake akashusha mizinga, akatia kichaka moto, tukalima hadi ukingoni mwa mto, pasibaki kitu cha kuzungushiwa waya. Nami nilishika jembe, nisijifanye mtakatifu. Hakuna aliyerudi.

Miaka mingi baadaye shuleni kwetu likaletwa bango la ndege wa kulindwa. Kwale wetu alikuwemo, kachorwa vizuri, ila miguu ya kijivu, rangi ya yule mkavu wa kisandukuni. Watoto wakamnakili, darasa zima, kijivu, kijivu. Iliniuma, jamani. Miguu yake ilikuwa myekundu, na sikuwaambia, maana wangeniuliza yuko wapi.