Rafiki yangu Majok alivuta chuma kizito kuliko wote Lodwar, akarudi Kakuma mikono mitupu

Wakuu, poleni na majukumu. Hii kitu nimekaa nayo kifuani tangu 2013. Sitatia chumvi, maana haihitaji.

Mimi ni Mturkana wa Lopur. Mwaka 2012 nilikuwa napakia magunia kwenye stoo moja pale Kakuma. Niliyeshikana naye gunia kila siku ni Majok, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, wa kambi ya pale pale. Jamaa mrefu, mpole, nguvu za kutisha. Asubuhi ananisalimia kwa Kiturkana, "Ejok!", kwa lafudhi mbovu makusudi, nicheke kabla ya kazi.

Powerlifting, ule mchezo wa kunyanyua vyuma, aliiona kwenye simu ya mtu. Kavideo kafupi: jamaa anainama, anang'oa chuma kutoka chini, anasimama wima nacho, kwisha. Hiyo ndiyo deadlift.

Akaniambia, "Ya akhui, ndugu yangu, hii si kazi yetu ya kila siku? Wenzetu wanapewa medali!"

Tukatafuta bomba la chuma. Uzito tukatengeneza kwa madebe ya mafuta ya kupikia, tumeyajaza simiti. Gym yetu ilikuwa mchanga wa laga, maana mto wa Kakuma ni mkavu karibu mwaka mzima.

Sasa shikeni hapa. Madebe yale ukiyateremsha kwenye sakafu ngumu, simiti inapasuka. Kwa hiyo ukishasimama na chuma, unaachilia tu. Puu! Mchanga unameza. Hata kazini ni hivyo hivyo: gunia unalibeba kwa jasho, ukifika unalitupa. Hakuna mpakiaji anayepoteza nguvu kuteremsha.

Mwaka uliofuata tukasikia kuna mashindano ya deadlift Lodwar. Washindi wangepelekwa Eldoret kwenye kambi ya mazoezi.

Kwangu ilikuwa sifa tu. Kwa Majok ilikuwa mambo mengine kabisa. Mama yake alikuwa peke yake huko kwao, miguu haina nguvu, na kila akipiga simu anamwambia arudi, nchi ina uhuru wake sasa, kambini anangoja nini. Majok hakuiamini ile amani. Lakini mama unamjibu nini?

"Nikishinda, niko na sababu ya kubaki," aliniambia. "Natafuta kazi Eldoret, naleta mama huku. Nikishindwa, navuka mpaka pale Nadapal, narudi kwetu."

Ruhusa ya kutoka kambini aliipata kwa taabu. Siku yenyewe ukumbi ulijaa, feni zinazungusha joto tu.

Majok akavuta chuma ambacho hakuna mwingine wa uzito wake aliyekigusa. Watu wakasimama kushangilia.

Kisha akaachilia.

Safari hii hapakuwa na mchanga. Ukumbi mzima ulitetemeka.

Bendera nyekundu.

Refa, mama mmoja mpole, akamweleza: chuma unakishusha kwa mikono miwili mpaka kiguse chini. Ukikiangusha, haihesabiki. Tukatazamana. Kale kavideo kalikuwa kanaishia juu!

Unapewa nafasi tatu. Ya pili alisimama nacho vizuri, mikono ikafunguka yenyewe. Ya tatu nikapiga kelele, "Shusha! Shusha pole pole!" Akaanza kushusha kweli, kikafika magotini, vidole vikaachia. Mwili ulishazoea mchanga.

Aliyeshinda alivuta uzito mdogo sana. Majok akaenda kumpa mkono, akacheka naye. Njia nzima ya kurudi Kakuma alikuwa anaangalia viganja vyake tu. Wakuu, roho iliniuma.

Akavuka Nadapal kabla mwaka haujaisha. Bomba akaniachia mimi. Wiki chache baadaye vita vikalipuka kwao, na simu yake ikawa haipatikani.

Wakimbizi wapya walipoanza kumiminika Kakuma, nikawa naenda mapokezi kila nikitoka kazini, namuulizia Majok. Siku moja nikaonyeshwa mama mzee amekaa kwenye mkeka, hawezi kutembea. Nilipomtajia jina langu akanishika mkono, akalia. Majok alikuwa akimsimulia habari zangu.

Akaongea Kiarabu cha Juba, jirani yake akanitafsiria. Majok alipigwa risasi ubavuni wakikimbia. Akambeba mama mgongoni hivyo hivyo, mpaka penye lori la kuwatoa.

"Damu ilikuwa nyingi, nikajua sasa ananiangusha," mama alisema. "Hakuniangusha. Alinishusha pole pole, mikono miwili, mpaka nikakaa chini. Ndipo akalala yeye."

Nililia pale pale mbele za watu, wala sikuona aibu.

Siku hizi nafundisha vijana hapa Lodwar. Wananiona mkorofi, maana simhesabii mtu mpaka chuma kiguse chini bila kelele. Nilichojifunza ni kwamba kunyanyua ni nusu ya kazi. Hiyo nusu nyingine Majok aliijua, ila hakuna refa aliyekuwepo kuiona.

Aliyepoteza mtu kwa vita vile aandike hapa chini, tupeane moyo.

Na kama humu kuna aliyekuwa ukumbini siku ile, akamkumbuka yule jamaa mrefu wa bendera nyekundu, naomba ajue tu: baadaye alishusha.