Kanga Iliyochuja

Jumatano iliyopita, kwenye soko la wanawake la Ibra, huku Oman, nilimsikia msichana akimwita bibi yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mji wa Sur, kule pwani, nikacheka peke yangu. Mimi udogoni nilidhani Kiswahili ni maradhi ya nyumba yetu tu. Moza, mwenzangu wa darasani, alikuwa akiniita Mzinjibari, yaani mtu wa kuja kutoka Zanzibar, mbele ya skuli nzima, nami nikaapa hatanisikia hata nikipiga chafya kwa lugha hiyo.

Basi adhuhuri moja, humo humo sokoni, katikati ya harufu ya udi na bizari, bibi yangu alinyanyua kanga akanguruma kwa Kiswahili, "Hii imechuja."

Nilitamani ardhi inimeze, maana ubavuni mwa muuzaji alikaa Moza. Muuzaji alikuwa bibi yake.

"Haijachuja, bibie," yule mzee alijibu kwa Kiswahili kitamu kuliko chetu. "Yaliyochuja ni macho yako."

Mabibi wakacheka hadi wakashikana mikono. Moza akaniinamia sikioni.

"Tafadhali usiseme skuli," alininong'oneza, kwa Kiswahili.

Nilimkumbatia nusura nimvunje mbavu zote.