Muvi ya anga waliyowachagulia watoto wetu bila kuiangalia mpaka mwisho

Wakuu, naandika nikiwa na hasira bado, ila chumvi sijaongeza hata punje.

Nipo Mafinga. Nina binti wa darasa la kwanza, Tumpe. Baba yake alikuwa dereva wa lori la mbao, akapata ajali, akafariki.

Msibani bibi yake alimwambia, "Baba yuko juu, anakuona." Mtoto akaishika hiyo. Kila jioni kabla ya kulala anatoka nje kupunga mkono.

Sasa mtaani kuna mwalimu wa fizikia anaandaa muvi za sayansi kwenye ukumbi wa kanisa. Watoto wanaangalia, yeye anafafanua. Jambo zuri, sikatai. Safari hii ikawa zamu ya anga.

Kwenye grupu la wazazi nikauliza, "Mwalimu, humo kuna mtu anakufa?"

"Mama Tumpe, hii ni sayansi, sio msiba."

Watu wakacheka. Nikauliza nani ameiangalia mpaka mwisho. Baadaye jamaa wa kibanda cha muvi akajibu, "Kali sana dada, hata trela tu utaipenda. DJ aliyeitafsiri kwa Kiswahili ni noma."

Ningembakiza mtoto nyumbani, ila alishaniganda: anataka kupaona kwa baba.

Siku yenyewe tukaenda.

Tukakaa mbele. Mwanzo roketi, watoto wanashangilia. Mimi naangalia mlango uko wapi.

Katikati, baba mmoja katoka nje ya chombo kutengeneza kitu, kamba ikakatika. Akaelea, anaenda, anaenda. DJ naye, kwenye sauti yake ya tafsiri, "Huyo ndo basi tena, asalimie malaika." Ukumbi mzima kicheko.

Tumpe hakucheka.

Mwalimu akasimamisha muvi, akaeleza kuwa huko juu hewa haipo, bila mtungi mtu hapumui.

Mwanangu akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mwalimu, baba yangu anapumuaje?"

Nikambeba mtoto, nikamwambia mwalimu mbele za watu, "Si nilikuuliza?"

Njiani baridi, mtoto analia, anataka tumpelekee baba mtungi.

Kesho yake baada ya ibada nikampeleka makaburini. Hakuwahi kufika, wakubwa walisema atashtuka. Nikamweleza yote. Kwamba baba amelala hapa, hapumui tena, haumwi, hasikii baridi.

Akagusa udongo.

"Kwa hiyo hajapotea?"

"Hajapotea."

Nilichojifunza: mnaochagulia watoto wa watu muvi, iangalieni yote kwanza. Na mzazi akiuliza, mjibuni, msimcheke.

Mwalimu kaomba radhi, bado nimenuna. Bibi mtu naye haongei na mimi, anasema nimemnyang'anya mtoto mbingu.

Tumpe hatoki tena jioni. Ila asubuhi akienda shule, akifika usawa wa makaburi, anasimama, anapunga.

Nyie mliozika wenzenu, watoto mliwaambia nini? Nitasoma zote. Wa kuniambia "ni muvi tu" apite kimya.