Nyungu ya Ndoa ya Georgette

Mie Adolphine, mufinyanzi wa Lubondja, miaka makumi mbili nafinyanga nyungu, na sikuzoea kuambiwa kitu na mutoto. Sikieni basi namna nilivyoona haya.

Mwaka wa 1956, mwezi wa tano, mwalimu Bonaventure alikuya kwangu na mwanafunzi wake kipofu, Immaculée, binti wa miaka kumi na sita. Masomo yake ilikuwa karibu kuisha. Alisoma yote kwa masikio, kukaa mustari wa mbele na kujibu kwa kinywa.

"Mama Adolphine, mumupatie kazi," mwalimu akasema. "Akikosa, baba yake mudogo Casimir atamupeleka muji wa Baraka, amukalishe sokoni na sahani, aombe."

"Aka! Mwalimu, kichwa yako iko nzima? Kipofu na moto wa nyungu?"

"Tangu Pasaka nauliza. Bantu ba kusuka mikeka banakataa, masista banakataa. Mumujaribu tu, mama."

Nilimuhurumia mutoto, lakini nilitaka baende zabo. Nikaweka nyungu tatu mbele yake. Moja ilikuwa na ufa, nilikuwa naijua. "Nionyeshe ile mubaya," nikasema. Nilijua atashindwa.

Akazigonga na kidole, moja moja, kichwa ameinamisha. "Hii," akasema. Ni ile ile ya ufa! Halafu akarudi kwa nyungu ya tatu, nzuri kupita zote, niliyoiweka kwa ndoa ya binti yangu Georgette. "Na hii pia, mama."

Mungu wangu, namna nilikasirika! "Hii? We mutoto, adabu yako iko wapi? Hii nilifinyanga mie mwenyewe!" Nikamwaga maji ndani. Haikuvuja hata tone moja. Nikacheka kwa nguvu.

"Tuiweke kwenye moto," Immaculée akasema pole pole.

Tukaiweka. Maji haijachemuka bado, paa! Nyungu ikapasuka vipande viwili, maji ikazima moto.

Nilikaa chini kwenye majivu. Banasema mwenye macho haambiwi tazama. Mie na macho yangu mbili, nimeuza Baraka nyungu ngapi za namna ile? Bamama balikuwa banarudi na vipande, na mie nabatukana, nabaambia habajui kupika! Haya ilinishika mpaka kwenye masikio.

"Casimir asimuguse," nikamwambia mwalimu. "Huyu atabaki hapa, atanigongea nyungu."

Mwalimu akapiga makofi. Immaculée hakucheka.

"Hapana," akasema.

Tulishituka sisi wawili. Hapana? Na sahani ya sokoni inamungoja?

"Tangu Pasaka mwalimu anauliza bantu bote juu ya kazi yangu," akasema. "Mie hakuniuliza hata siku moja. Sitaki kugonga nyungu za bengine mpaka nizeeke. Nataka kufinyanga."

Kuuliza si ujinga, tunasema kila siku, na bakubwa wawili tulisahau. Mwalimu akaangalia chini. Mie nikasimama, nikaleta udongo, nikamuwekea katika mikono.

Nyungu ya ndoa ya Georgette, mwezi wa kumi, ni Immaculée aliifinyanga. Niliigonga mara kumi, natafuta kosa. Ilikuwa nzima.