Msimu Mama Alipopalilia Shamba la Mama Atieno

Harufu ya uji wa wimbi ulioshika kidogo chini ya sufuria hunirudisha Ntimaru, kwenye nyumba ya udongo ya Mama Atieno, mwaka nilipokuwa darasa la tano. Mama Atieno alikuwa mjane, Mjaluo wa Kisegi, kule ziwani. Alifika kwetu Ukuria akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, akaupenda udongo wetu, akakodi shamba dogo na kubaki. Kikuria hakukijua, nasi Kijaluo hatukukijua, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, chake kikiwa na lafudhi ya ziwani na chetu na lafudhi ya milimani. Watoto wadogo walijifunza kwake maneno ambayo mama zao hawakuyaelewa, wakarudi nayo nyumbani jioni, na kina mama wakawa wanaulizana maana yake mtoni.

Mwaka huo mvua za Machi zilikuja nzito na magugu yakaota upesi kuliko mahindi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, mbali, na mama alibaki peke yake na ekari mbili. Hakuweza kupalilia akiwa na mdogo wangu Mwita mgongoni, kwa sababu Mwita alikuwa mzito na mwenye fujo, na siku moja alipowekwa chini alikutwa ameketi karibu na siafu, miguu imevimba. Tangu siku hiyo nikaacha kwenda shule. Hakuna aliyenitangazia kwamba nimeacha. Asubuhi mama alinifungia Mwita mgongoni kwa leso, akachukua jembe na kuondoka, nami nikabaki nikisikia kengele ya shule ikilia ng'ambo ya bonde.

Mama Atieno alinikuta mtoni saa nne, Mwita akinilia sikioni. "Kwani wewe leo huendi shule?" akauliza. Nikamwambia mtoto hana wa kukaa naye. Alimwangalia Mwita, akamwangalia tena, kisha akasema, "Kesho mlete kwangu. Leta na unga kikombe moja." Kabla ya mwezi kuisha alikuwa na watoto tisa. Aliwatandikia magunia chini ya paa la mbele, akawafundisha kunawa mikono kwa zamu, na wenye homa aliwatenga kwenye mkeka wa peke yao. Nilipopita kwake asubuhi nikielekea shule, alikuwa amekwisha kumwita kila mtoto kwa jina. Nilirudi darasani nikakuta mwenzangu ameketi mahali pangu, tukabanana watatu kwenye dawati, na sikulalamika.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Mei nilipofika na Mwita nikakuta mlango umefungwa. Kina mama wanne walikuwa wamesimama nje na watoto. Mama Atieno alikuwa shambani kwake nyuma ya nyumba, ameinama. Hapo ndipo nilipoliona shamba lile kwa mara ya kwanza nikiwa na macho ya kuona. Maharagwe yalikuwa yamemezwa na magugu, na mahindi yake yalikuwa ya manjano, yamefika magotini wakati ya kwetu yalikuwa yamefika kifuani.

"Sio ati nimechoka na watoto," alisema bila kuinuka. "Lakini nikishinda na wenu, shamba yangu inakufa. Mwezi wa nane nitakula nini? Nitakula asante?"

Vile vikombe vya unga tulivyompelekea vilirudi tumboni mwa watoto wetu wenyewe kama uji, na kila mtu pale alilijua hilo. Mama mmoja alimpandisha mtoto wake mgongoni akaondoka. Nilisimama na sare yangu ya shule nikijua nitakayorudi kufanya nyumbani. Ndipo mama yangu, aliyekuwa akipita kwenda kwetu kupalilia, akaingia shambani bila kumsalimu mtu. Alishika mstari wa pili, akalima hadi akamfikia Mama Atieno, akamgusa bega. "Mama Atieno, rudi kwa watoto," alisema. "Hapa niachie mimi."

Shamba letu halikupaliliwa siku ile, wala siku iliyofuata. Siku ya tatu akaja mama mwingine, kisha wawili, na mwishowe wakakubaliana kwamba kila Jumanne wawili wao wataanzia kwa Mama Atieno kabla ya kwenda kwao. Mama Gati peke yake alikataa, akisema yeye si kibarua wa mtu, na bado alimleta mtoto wake kila asubuhi. Wengine walitaka afukuzwe. Mama Atieno alimpokea yule mtoto na kumpa uji sawa na wenzake, na mwezi wa sita Mama Gati akaonekana shambani na jembe, bila maelezo. Maharagwe mengi yalikuwa yamepotea tayari, lakini mahindi yaliinuka. Mimi nilimaliza mwaka darasani.

Sasa nafanya kazi ofisini mjini Homa Bay, na binti yangu anashinda kwenye nyumba ya kulelea watoto yenye sakafu ya saruji, kuta zilizochorwa wanyama, na choo cha kimo chake. Ntimaru nako watoto wanalelewa kwenye chumba cha kanisa na walezi wawili wanaopokezana, ili kila mmoja apate siku za kulima. Ninapoyaona hayo nafurahi, kwa kuwa naijua kazi iliyoyafikisha hapo. Lakini mama yangu alijua hali ya shamba la mwanamke aliyemlea mwanawe, nami kwa miaka miwili sikuwahi kumwuliza mlezi wa binti yangu hata kama ana shamba. Nilimwuliza wiki iliyopita. Analo, la mihogo na mtama, juu kidogo ya mji. "Napalilia Jumapili," alisema, "na mtoto wangu mgongoni." Nimemwambia Jumapili hii nitakuja na jembe. Alicheka, nadhani hakuniamini.